Kaka Yako Anakusalimu

9 Aprili

Kwa wifi yangu,

Barua hii ikukute mzima, na watoto pia wawe wazima, ingawa kwa unavyowaachia kucheza kwenye maji sitashangaa nikisikia wana mafua. Mimi mzima. Goti linaniuma kama kawaida. Hoteli imepokea wageni wa mkutano, tunafua na kupiga pasi shuka mia mbili na arobaini kwa siku, na kati ya wasichana wanane ninaowasimamia wawili hawajui hata kukunja kona.

Kadi yako nimeipata. Nimeigeuza huku na huku nikitafuta ni ya nini. "Karibu kwenye Sherehe ya Mvua ya Kwanza." Wifi, mvua inanyesha tangu dunia iumbwe na haijawahi kuandikiwa kadi. Mwaka jana ilikuwa sherehe ya jino la Hakimu. Kabla ya hapo ilikuwa sherehe ya Kisiki kuachana na nepi. Nyumba yako haina Jumatatu. Halafu hizo karatasi za rangi unazobeba kutoka kiwandani kwenu, kingo zinazokatwa kwenye vitabu vya watu, unazitundika dirisha hadi dirisha mpaka mtu akiingia lazima ainame kama mwizi.

Watoto wafundishwe kukaa mezani, kunyamaza mtu mzima anapozungumza, na kutandika kitanda. Msichana wa miaka sita anawahukumu wakubwa, nanyi mnacheka na kumwita Hakimu. Mvulana wa miaka mitatu akikaa chini dukani hang'oki, nanyi mnamwita Kisiki. Hilo si la kupewa jina, wifi. Ni la kupewa adabu.

Sitakuja. Naandika kwa sababu simu siitaki. Kwenye simu mtu anakusikia hata unavyopumua.

Msalimie kaka.

Wifi yako


2 Mei

Wifi,

Asante kwa barua. Sisi hatujambo, mafua uliyotuombea hayakufika. Pole kwa goti, na wape pole wale wasichana wawili.

Sherehe ilifanyika bila wewe na mvua haikuona tofauti. Ilianza Jumamosi saa tisa mchana. Tulitoa masufuria na mabeseni yote uani, tukayapindua, watoto wakasikiliza kila kimoja kinavyolia. Hakimu alizunguka na mwavuli akitoa hukumu. Sufuria ya chai ilishinda, beseni la bluu likakata rufaa. Kisiki aliligeuza beseni lake, akakaa ndani, na alipoombwa atoke akasema, "Mimi ni supu." Keki ilizama katikati, tukajaza shimo kwa ndizi.

Kaka yako ndiye aliyekata keki. Alikula vipande viwili. Anakusalimu sana. Kazi ya mafriji imemzidi, ndiyo maana haandiki.

Kuhusu adabu, naikumbuka nyumba yako. Mara ya mwisho tulipokuja uliwatandikia watoto taulo juu ya kochi, kisha ukatandika taulo jingine juu ya lile taulo. Kisiki akashuka akalala sakafuni. Nadhani alikuelewa kuliko sisi wote.

Mama wa watoto


20 Mei

Wifi,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo. Wageni wa mkutano wameondoka na taulo kumi na moja.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti. Kwa hiyo kaka ndiye aliyekata keki. Akala vipande viwili, kaka yangu mimi, ambaye tangu ang'olewe jino la nyuma hagusi kitu kitamu. Vizuri sana. Wewe ndiye uliyekuwepo, wewe ndiye uliyeona. Ulimi hauna mfupa, na kalamu nayo sasa naona haina.

Nimetuma kifurushi. Ni gauni la Hakimu, ili atimize miaka saba akiwa angalau na kitu kimoja kilichopigwa pasi. Tafadhali usilibandike karatasi.

Mwambie kaka... lakini basi. Wewe unamwona kila siku, utamwambia unalotaka.

Wifi yako


30 Juni

Wifi,

Hujambo? Watoto hawajambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri nikujibu kama mtu au kama wifi.

Gauni limefika. Hakimu alilivaa siku yake, akasimama katikati ya chumba bila kuinama, akasema, "Mama, hili gauni halitaki nikae." Alisimama saa nzima kwa heshima yako. Kisha akavua akaenda kucheza.

Sasa tuje kwenye kifurushi chenyewe. Kilifungwa kwa ule utepe mweusi mpana ambao mafundi wanazungushia mabomba ya friji. Umezungushwa mara tatu, na mwisho wake umekunjwa pembe ndogo ili ukitaka kuubandua usihangaike na kucha. Nimeolewa miaka tisa na nimemwona mtu mmoja tu anayekunja pembe ile. Wewe unafunga vitu kwa uzi.

Kaka yako yuko kwako. Uliposoma barua yangu kwa sauti, yeye ndiye uliyekuwa unamsomea. Natumaini mlicheka vizuri.

Basi nikueleze alivyoondoka, maana sidhani amekueleza yote. Ilikuwa tarehe kumi na moja Machi, Jumatano asubuhi. Mimi nilikuwa namsuka Hakimu, Kisiki anakataa kiatu cha kushoto. Kaka yako akatoka chumbani na sanduku la vifaa mkono mmoja na redio mkono wa pili. Akasema, "Naenda kufunga chumba cha baridi. Kazi ya siku nne." Wifi, hakuna fundi anayekwenda kufunga chumba cha baridi na redio na viatu vya Jumapili. Hakimu akamuuliza, "Baba, utakuwepo mvua ya kwanza?" Akajibu, "Tutaona." Akamruka Kisiki aliyekuwa amekaa mlangoni, kama mtu anavyoruka dimbwi, akaenda.

Niliandika kwamba alikata keki kwa sababu sikutaka wewe, kati ya watu wote duniani, uwe wa kwanza kufurahi. Keki niliikata mimi.

Mama wa watoto


8 Julai

Wifi,

Salamu. Naona safari hii posta imekimbia, nami najibu siku hiyohiyo nisije nikapoa.

Ndiyo, yuko hapa. Analala chumba cha nyuma, penye cherehani yangu. Alifika mwembamba kama ufagio, akasema, "Dada, nimekuja kupumzika siku mbili." Ulitaka nimfungie mlango? Namwita kaka lakini nimemlea mwenyewe tangu mama afe, nimemfulia mpaka soksi za shule.

Anasema kwako hakuna mahali pa kuweka kichwa. Gundi kwenye kiti, mkasi kitandani, watoto wanapiga masufuria, kila wiki sherehe. Mwanamume anatoka kazini amechoka, hajavua hata shati, anavikwa taji la karatasi. Namwamini. Mimi nikikaa kwako saa mbili tu kichwa kinagonga mpaka kesho yake. Ungekuwa na nyumba ya kawaida ungekuwa na mume wa kawaida.

Unaniita mwongo. Nyani haoni kundule. Mimi nilidanganya kwa kunyamaza tu, wewe ulimlisha vipande viwili vya keki.

Nakuomba kitu kimoja, jambo hili lisitoke nje. Kazini wananiheshimu.

Wifi yako


1 Agosti

Wifi,

Natumaini goti lina nafuu. Hapa Kisiki alikuwa na homa siku mbili, sasa amepona na amerudi kukaa palipo na njia ya watu. Kiwandani mwili wangu ulikuwa mashineni lakini mawazo yalikuwa kwake, nikakata kurasa za vitabu arobaini kwa kipimo kisicho chake, msimamizi akanitazama tu.

Sitabishana nawe kuhusu gundi. Kaa na mume wa kawaida.

Kisiki ameshazoea. Watoto wa umri ule huzoea, na hilo ndilo baya. Hakimu hajazoea. Tangu Machi, kila Jumapili anamwandikia baba yake barua na kunipa niipeleke posta. Anwani sikuwa nayo, na nilipoijua nilijifanya siijui. Nimekuwa nikiziweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya jagi. Zingekuwa ishirini, lakini Jumapili moja alisema hana la kumwambia. Zipo humu kwenye kifurushi, zote kumi na tisa. Sijafungua hata moja.

Mpe. Sijasema arudi, wala sijamsamehe, na salamu zake sizihitaji. Nataka azisome tu.

Mama wa watoto


15 Septemba

Wifi,

Natumaini mu wazima. Nimechelewa, hoteli imebadilisha sabuni na mikono ya wasichana wote imetoka vipele.

Kifurushi kilifika.

Kaka hajambo. Anakula. Juzi ameniambia pasi yangu ina kelele. Pasi, wifi. Eti mvuke unamkera asubuhi, tena nikikunja shuka napumua kwa nguvu. Nimeishi na mapafu haya miaka hamsini na hakuna aliyewahi kuyalalamikia. Sahani yake anaiacha palepale alipolia chakula, utadhani sahani zina miguu.

Humu nimeweka barua kutoka kwa baba yake Hakimu. Mpe.

Wifi yako


28 Septemba

Wifi,

Wape pole wasichana kwa mikono yao. Sisi tupo.

Nilimpa Hakimu barua aisome mwenyewe. Alikaa kwenye ngazi, akaisoma polepole kwa kidole, kisha akairudia.

"Mama," akasema, "hii ni ya shangazi."

"Umejuaje?"

"Baba haniiti mwanangu mpendwa. Na hii alama baba haijui." Akanionyesha nukta mkato.

Nikamwambia, "Labda amejifunza."

Aliniangalia kama anavyoniangalia nikimwambia dawa ni tamu. "Niliuliza maswali saba. Humu hakuna hata moja lililojibiwa. Baba hajasoma barua zangu." Akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akasema nikurudishie kwa sababu ni mali yako. Hii hapa.

Mimi nilimdanganya mtu mzima ili nisionekane nimeachwa. Nilikosea, nimekiri. Wewe umechukua uongo, ukaupiga pasi, ukaukunja kona nne, ukamletea mtoto, na mkono wa kumkabidhi ukauazima kwangu. Kumbe usafi wako wote ndio huo.

Nakuuliza jambo moja na unijibu kwa neno moja. Amezisoma?

Mama wa watoto


20 Oktoba

Wifi,

Salamu leo sina.

Hapana. Hilo ndilo neno ulilotaka. Yanayofuata ni yangu.

Kifurushi kilipofika nilimkabidhi mkononi, akiwa anakunywa chai. Nikamwambia, "Za mtoto." Akasema, "Nitazisoma." Kile kimeza cha chumba cha nyuma kimelala upande mmoja. Akaziweka zote chini ya redio ili isiteleze.

Nilingoja siku tisa. Siku ya kumi, alipotoka, nikazichukua nikafungua moja. Imeandikwa hivi: "Baba leo Kisiki amekula gundi lakini hajafa. Wewe unakula nini. Hiyo kazi inaisha lini. Kama hupendi taji la karatasi si lazima uvae nitamwambia mama."

Nikakaa kitandani pake, wifi, kwenye shuka nililolitandika mwenyewe, likakunjamana lote. Nikafungua nyingine. Nikaandika ile barua kwa sababu niliona haya kwamba katika ukoo mzima hakuna mtu wa kumjibu yule mtoto. Nukta mkato sikuifikiria.

Barua yako ilipokuja nikamsomea kaka mpaka mwisho. Akacheka. Akasema, "Huyo mtoto ana akili," kisha akauliza kama chai ipo.

Nikamwambia, "Kumbe hukuchoshwa na makaratasi."

"Una maana gani, dada?"

"Hapa hakuna karatasi. Hakuna mtoto, hakuna sufuria. Na bado umechoka."

Akasema, "Nawe umeanza kuwa kama yeye."

Yeye ni wewe. Sijawahi kutukanwa namna hiyo tangu nizaliwe. Nikaenda kabatini nikatoa sweta lake na viatu vyake vya Jumapili, nikaviweka mlangoni. Redio akaibeba mwenyewe. Barua nilibaki nazo mimi.

Sasa amepanga chumba karibu na kiwanda cha barafu na kazi anayo. Juzi amekuja amenyoa vizuri. Anataka kurudi kwako sikukuu ya mwisho wa mwaka, anasema watoto watafurahi, na mkishakula pamoja mambo yatajipanga. Ameniomba nikuombe. Nimefikisha alivyosema. Kukuomba sikuombi.

Wala usidhani nimebadilika. Sherehe zako bado naziona upuuzi. Ila nilikuwa natafuta kilichomfukuza mtu kwenye nyumba yake, na nimekaa nacho miezi saba nikikipikia.

Wifi yako


7 Novemba

Wifi,

Hatujambo sote. Nashukuru kwa neno lako moja na kwa mengine yote.

Watoto nimewaambia. Niliwakalisha mezani Jumapili baada ya kula, nikasema baba hayuko kazini, baba aliondoka, anaishi mahali pengine, na kwamba mimi niliwaficha. Hakimu akasema, "Nilijua tangu alipobeba redio." Nikaomba radhi. Alifikiri kidogo akasema amenisamehe, lakini nisirudie. Kisiki akauliza kama redio itarudi. Nikamwambia hapana. Alilia kwa ajili ya redio, wifi, kilio kirefu sana kwa redio, nikamwachia mpaka akamaliza.

Mjibu kaka yako hivi. Sikukuu asije. Hatarudi kwetu kwa kuingilia kwenye keki, watu wameshavaa vizuri na kila mmoja anajilazimisha kucheka. Aje Jumapili ya kawaida, mchana, nyumba ina nguo chafu na Kisiki hataki kuoga. Kabla hajaja asome barua zote na awe na majibu, maana ataulizwa, na anayeuliza unamjua. Aje kuwaona watoto. Kulala hapa, hapana. Kitanda nimeshakihamishia upande wa dirisha na ninalala katikati.

Sasa wewe. Hakimu ameuliza kama shangazi atakuja mwisho wa mwaka. Nikamwambia shangazi hapendi vitu vilivyokunjamana. Akasema, "Basi aje na pasi."

Sikualiki kwa kuwa nakupenda. Sikupendi hasa. Nakualika kwa sababu katika ukoo wenu wewe ndiye uliyefungua zile barua.

Mama wa watoto


3 Desemba

Wifi,

Natumaini mu wazima. Goti limetulia. Nadhani ni kwa sababu sizunguki tena kuokota sahani za mtu.

Kaka amezisoma zote. Nilimwita hapa, nikamkalisha kwenye kochi, nikakaa mbele yake na chai nikamnyima mpaka akafika ya kumi na tisa. Hakulia. Nilitaka alie, hakulia. Ya kumi na mbili aliishika muda mrefu kuliko nyingine, na hiyo sikuwahi kuifungua, kwa hiyo sijui ina nini na sikumuuliza. Amesema atakuja Jumapili ya pili ya Januari. Asipokuja usiniandikie mimi. Nimemtetea mtu huyu miaka thelathini na minne, naona inatosha.

Nimeomba likizo ya siku nne. Wasichana wangu wamefurahi mno, hata kuficha hawakujua.

Nitafika tarehe ishirini na tisa, basi la saa nane mchana. Keki sili. Taji sivai. Shuka zangu nakuja nazo. Yule mtoto mwambie maswali yake saba nimeyaandika pembeni, ninayoweza kumjibu mimi nitamjibu kwa mdomo wangu, nisiyoweza nitamwambia siyawezi. Na usije kunipokea kituoni na hao watoto na makaratasi yenu, watu watatutazama.

Wifi yako


10 Desemba

Wifi,

Sisi wazima.

Tutakuja wote watatu. Acha watazame.

Mama wa watoto